Mkono wa Mturuki

Mtaani kwetu Ibra, Oman, tulimwita Mturuki, na Kituruki hakujua hata neno la kuombea maji. Alikuwa Mrusi. Leo nalisema kwa kinywa kipana. Miaka ya sabini nisingethubutu kulisema hata peke yangu chooni. Watu waliosoma Urusi walikuwa wakiitwa wakaulizwa maswali, wengine wakirudi majumbani mwao siku ile ile, wengine wakikawia, na kila aliyenusa harufu ya huko alidhaniwa kaja na ukomunisti ndani ya sanduku. Mumewe, mhandisi wa maji, Mzanzibari kama mie, alisoma huko na akamuoa huko. Kabla hawajaingia Oman alimkalisha kitako akamwambia: "Kuanzia leo wewe Mturuki. Babu yako Mturuki, bibi yako Mturuki. Ukiulizwa zaidi, cheka."

Aliyempa shauri hilo hakumjua mkewe vizuri. Yule mwanamke kucheka kulikuwa kunamtaabisha kuliko kubeba ndoo.

Mie nilikuwa nikisomesha hisabati skuli ya wasichana, na uwanja wangu na wake ulitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo, wa kimo cha mtu. Nilimjua kwanza kwa sauti. Kiswahili chake alikipata kwa mama mkwe wake, Bi Mkubwa, mwanamke wa Mji Mkongwe khasa, wa wale wanaokwambia "jistahi" hata ukipiga chafya. Basi na Mturuki naye alisema vivyo hivyo. Ungemsikia nyuma ya pazia ungedhani bibi wa Malindi ya Unguja kavaa buibui la kamba; ukifunua pazia, unakutana na macho ya buluu na uso mwekundu wa joto. Shikamoo yake aliitoa kwa kuinama kidogo, na Bi Mkubwa akiitikia marahaba kwa fahari, maana kazi ilikuwa yake.

Uongo ule wa Uturuki ulitaka kutuumbua siku moja. Nilikuwa na mwalimu mwenzangu wa Kimisri, mama mnene, mchangamfu, mdomo wake soko. Bibi yake mzaa mama alikuwa Mturuki wa kweli. Aliposikia pana Mturuki mtaani hakulala, akaja kwenye kahawa kwa Bi Mkubwa. Tumekaa mkekani, sinia ya halua katikati, yule Mmisri akamgeukia Mturuki akambwagia Kituruki, maneno chungu nzima, kisha akatua, akasubiri jawabu huku anatabasamu.

Mmisri yule akitoka pale na shaka, kabla ya alasiri Ibra nzima itakuwa na shaka, na Mhandisi atakuwa anaitwa. Bi Mkubwa alikuwa ameshika birika, akabaki kulishika.

Mturuki akaweka kikombe chini taratibu. Akasema kwa Kiswahili, na Bi Mkubwa akafasiri kwa Kiarabu: "Mume wangu kanikataza kusema lugha ya kwetu mbele za watu. Nimemwahidi."

Mmisri akaweka mkono kifuani. "Mashallah," akasema. "Mashallah, mke ndiyo huyu." Habari ikaenea kweli, lakini habari nyengine. Wanaume wa mtaa wote wakaanza kututolea mfano wa Mturuki mtiifu. Wangu mie alinisumbua mpaka nikamwambia nenda basi ukaoe Mturuki wako, uone.

Wageni walipotoka nilimfuata jikoni. Nilimkuta anaosha kikombe kimoja hicho hicho, anakisuuza, anakiosha tena. Nikakichukua mkononi mwake nikakifudikiza.

Sasa niwaambie kuhusu mkono wake wa kulia, maana ukiacha huo hukumjua. Mkono ule haukutulia. Amekaa na watu, anasikiliza, uso kama ukuta, na mkono uko chini ya leso unakwenda: unapanda, unashuka, unafungua vidole, unavifunga. Kwenye harusi, wanawake wakitwanga kinu kwa zamu, alikuwa hawezi kuvumilia. "Nyinyi wawili hampatani," atasema, na atasimama hapo, anawapimia kwa kidole, mpaka michi inapokezana sawa. Wengine walichukia. Mmoja alimwambia, "Tunatwanga bizari, hatusali jamaa." Akamjibu, "Na hiyo bizari itajua."

Siku moja wasichana wangu walikuwa na wimbo wa sherehe ya skuli na walikuwa wanaimba kama paka wamefungiwa guniani. Nikamwomba. Alikuja, akasimama mbele yao, akanyanyua mkono, akangoja. Wasichana wakacheka. Akangoja. Wakanong'ona. Akangoja vile vile, mpaka pakawa kimya cha kutisha, wengine wanataka kulia. Ndipo akasema, "Huu ndio mlango. Sasa ingieni." Waliimba siku hiyo mpaka mkaguzi wetu akauliza nani kawafunza. Nikasema, jirani yangu wa Kituruki. Akatikisa kichwa: "Eh, Waturuki hodari wa bendi za jeshi tangu zamani." Nami nikatikisa changu.

Alikuwa mtu mgumu, sitaki kumpaka asali. Ukimwambia utakuja baada ya asri, ukaja magharibi ikikaribia, utakuta mlango umefungwa na yeye yumo ndani anakusikia unapiga hodi. Na jambo lililonishangaza mpaka leo ni hili: aliishi ndani ya uongo mkubwa kama nyumba, lakini uongo mdogo alikuwa haumudu. Bibi harusi anamuuliza, "Biriani yetu vipi?" Sote tunasema tamu, yeye anasema, "Haina chumvi." Nikamwambia, shoga, wewe ndiye wa kutuambia kweli? Akanitazama sana. "Ule nimelazimishwa," akasema. "Chumvi hakuna aliyenilazimisha."

Mkono ule aliurithi kwa baba yake. Baba yake alikuwa kiongozi wa okestra ya opera, yaani ile michezo ya kwao inayoimbwa mwanzo mpaka mwisho, hata mtu akiomba maji anayaomba kwa kuimba. Alinisimulia habari zake vipande vipande, tukichagua mchele au tukianua nguo, na sauti kila mara akiiteremsha na kutupa jicho mlangoni.

Mzee yule alianza kwa kupiga piano katika ukumbi mdogo wa mji mmoja ulio kando ya mto, kazi yake kuwafanyisha waimbaji mazoezi. Siku ya onyesho kiongozi mkuu akaugua, yeye akashika kile kijiti cha kuongozea, na hakukirudisha tena. Vikaja vita. Makaa ya kutia joto ukumbini hayakuwepo. Watu wakikaa na makoti yao, wapiga fidla wakivaa glavu zilizokatwa vidole, na yeye, ili miguu isigande, akawa anapiga chini mguu wa kushoto huku anaongoza. Vita vikamalizika, makaa yakarudi, mguu haukuacha. Akaitwa mji mkuu, akapewa okestra kubwa, akaanza kurekodiwa sahani za santuri, na mguu ukawa unaingia ndani ya sahani. Mafundi wakamtandikia zulia, akalisukuma kando. Wakamwomba avue viatu. Siku moja akakubali, akaongoza na soksi. Waliposikiliza walikuta kila kitu kimo ila uhai. Wenyewe wakamrudishia viatu vyake.

"Kwa hiyo sahani zote zina mguu," Mturuki aliniambia. "Ukisikiliza kwa makini unamsikia. Jina linaandikwa juu, lakini mguu ndio yeye."

Mzee alikuwa haogopi mtu. Palikuwa na mwimbaji mmoja mwanamke, kipenzi cha wakubwa, akifika mahali pa juu anaishikilia sauti haiachi, mpaka watu wapige makofi. Mzee akaweka kijiti chini, akatoa leso mfukoni, akaanza kufuta miwani yake polepole. Alipomaliza yule bibi, akavaa miwani akaendelea. Akashtakiwa. Akajibu: "Mwimbaji mgeni, okestra ndiyo nyumba. Mgeni hafungi mlango." Bi Mkubwa alilipenda neno hilo mpaka akalifanya lake. Kila mgeni wetu aliyekaa sana alikuwa akisimuliwa habari ya mlango.

Na Mhandisi alipokwenda kuposa, mzee hakumuuliza dini wala rangi wala kwao. Alimuuliza binti yake, "Anajua kusikiliza?" Kijana akapelekwa kwenye mazoezi, akakalishwa kiti cha nyuma, asubuhi mpaka adhuhuri. Akalala. Mzee akaja akamtazama. "Kalala mahali panapostahiki kulala," akasema. "Mchukue."

Walipotoka Urusi kwenda Kairo, na ikajulikana kuwa safari ya mwisho ni Oman, mzee aliitwa akaulizwa kwa nini binti yake anakwenda nchi ya maadui. Hilo Mturuki alilijua kwa barua moja iliyomfikia Kairo. Baada ya hapo Mhandisi akakata barua zote, za kwenda na za kuja, kwa hofu. Sanduku zima la sahani za mzee liliachwa Kairo kwa sababu ya herufi za Kirusi kwenye majaladi. Moja tu ilipita, imevuliwa jaladi. Walipokuwa Dubai rafiki yao akainakili kwenye kaseti: sehemu ya mwisho ya opera moja, pande zote mbili. Likaja joto la kwanza la Ibra, sahani ikajikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Ikabaki kaseti. Wala hawakuiandika kitu juu, hata herufi moja, wakiogopa.

Ijumaa, wanaume wakienda msikitini, mtaa unakufa. Hapo Mturuki alikuwa akiitoa redio kubwa ya mumewe, anaifunika blanketi, anaingiza kichwa ndani ya blanketi kama mtu anayejifukiza, anatafuta muziki wa kwao. Bi Mkubwa anakaa mlangoni na tasbihi, yeye ndiye askari. Akipita mtu anakohoa. Mara nyingi nilikuwa nawasikia kupitia ukuta, kikohozi kwanza kisha kimya, na mie mwenyewe jasho linanitoka.

Alikuwa akitafuta jambo moja. Alitaka kujua baba yake yu hai, yungali kazini, au wamemfuta kwa ajili yake. Hakuna aliyeweza kumwambia ila redio ile.

Ijumaa moja aliniita juu ya ukuta, na hajawahi kuniita hivyo. "Mwalimu, njoo." Nikaenda mbio bila viatu. Nilimkuta kasimama katikati ya chumba, blanketi liko chini.

"Wameipiga," akasema. "Ile ile, sehemu ya mwisho. Wametaja opera, wametaja waimbaji, yeye hawakumtaja."

"Labda hukusikia vizuri. Redio inakwaruza."

"Hawakumtaja, Mwalimu. Mguu nimeusikia. Jina wamelifuta." Akashika kichwa. "Ikiwa ni ile sahani ya zamani wanairudia, basi labda hata hayupo tena. Ikiwa ni mpya, yuko. Sikuweza kupima mwendo wake, nilikuwa natetemeka. Ngoja niisikilize kaseti wakati bado ninayo masikioni."

Akafungua kabati. Akatia mkono nyuma ya mashuka, akautoa mtupu, akautia tena.

Lazima niwaeleze desturi yetu hapa. Sisi tuliotoka Unguja tulikuwa hatuandikiani barua sana. Wazee wengi kalamu haikuwa rafiki yao, na barua zikifunguliwa njiani. Tukipelekeana kaseti. Unakaa, unasema salamu zako upande mmoja, unampa msafiri. Ndugu yako anasikiliza yote mpaka mwisho, halafu anakujibu upande wa pili wa kaseti ile ile, anairudisha. Kaseti isiyoandikwa kitu, katika nyumba yoyote yetu, ilikuwa kaseti ya salamu, na haikuwa na mwenyewe. Na hata kama vile vijino viwili vya juu vimevunjwa ili isirekodiwe tena, sote tulijua dawa yake: unaziba matundu kwa pamba.

"Mama," Mturuki akasema. "Ile kaseti iliyokuwa humu."

Tasbihi ikasimama mlangoni. "Ile tupu?" Bi Mkubwa akasema. "Nimempelekea dada yangu Unguja salamu. Kaondoka nayo yule bwana wa juzi."

Mturuki hakupiga kelele. Nilitamani apige. Aliurudisha mkono wake wa kulia kifuani, akaushika kwa ule wa kushoto, na nikaona mara ya kwanza umetulia.

Mie ndiye niliyeona njia. Nikasema: Bi Mkubwa kasema upande mmoja tu, upande wa pili bado upo, dada mtu azuiwe asijibu juu yake. Mhandisi aliporudi kutoka msikitini tukamweleza, na nikamwambia apeleke simu ya maandishi leo leo. Akakaa, akavua kofia, akaikunja.

"Simu kutoka Ibra kwenda Unguja," akasema, "inayosema usirekodi upande wa pili. Hapa wataisoma na kule wataisoma. Atakayeisoma hatataka kujua upande wa pili una nini?"

Nilimchukia, na alikuwa anasema kweli. Mturuki akasema, "Usipeleke," akaingia jikoni.

Zikaja siku za kukosa pumzi. Mimi nilikuwa naingia na kutoka nyumba ile kama mtu wa msiba. Mturuki alikuwa anamtengea mkwe wake chai kwa wakati wake, anamtandikia, anampaka mafuta miguu, bila ya neno. Si kwa kumwadhibu, neno alikuwa hana. Bi Mkubwa akaacha kula. Siku moja akanivuta mtandio.

"Bora angenitukana, mwanangu," akaniambia. "Mie nimekaa kitako nikaeleza habari za magoti yangu, na huku namzika baba wa mtu kwa sauti yangu mwenyewe. Na mzee huyo mkwe wangu, ambaye hata salamu sijapata kumpa."

Nilimwambia hakujua. Akasema, "Kutojua hakumrudishi."

Na huyo dada mtu wa Unguja tulimjua sote. Bibi yule akianza kusema, muadhini ndiye anayemnyamazisha. Kila nikihesabu urefu wa upande mmoja wa kaseti na urefu wa maneno yake, hesabu yangu ya ualimu ilikuwa inanipa jawabu moja tu.

Kaseti ilirudi baada ya miezi, imepita Dar, imepita Dubai, ndani ya kikapu cha karafuu na mbatata. Tulikuwa wanne: Mturuki chini, Bi Mkubwa kitandani, mie mlangoni, Mhandisi kasimama hataki kukaa. Mturuki akaitia upande wa pili mwenyewe.

"Assalaam alaykum dada yangu wa tumbo moja…" Akaanza. Akatusalimia mmoja mmoja, na waliokufa akawarehemu. Akaeleza nani kaolewa na nani kaachwa. Akaeleza mvua. Akaeleza mbuzi wa jirani aliyekula kanga iliyoanikwa, na kesi ya mbuzi huyo mpaka ilipoamuliwa. Mkanda unakwenda, unakwenda, ule mduara mmoja unanenepa na mwengine unakonda, nami naomba Mungu anisamehe, naomba bibi wa watu akaukwe na sauti. Mhandisi alikuwa kautazama ukuta.

Kisha akasema: "Basi dada, nina mengi lakini nimesikiliza mpaka mwisho na huko mwisho nimekuta harusi yenu. Loo! Tarumbeta zote zile, na watu wanapiga makofi, na mtu anapiga mguu kwa furaha! Harusi ya nani, mbona hukunambia? Sikutaka kuifuta, furaha ya watu haifutwi, nimewaachia. Mpeni bwana harusi pongezi zangu. Wasalaam."

Kaseti ikalia kidogo, na okestra ikaingia.

Sijui kulieleza hilo na sitajaribu sana. Baada ya mbuzi na magoti na mvua, ikaja ile sauti, watu wengi kwa pumzi moja, na ndani yake, chini kabisa, mguu. Mkono wa Mturuki ukatoka kifuani ukapanda. Ulikwenda nayo mpaka mwisho, ukakata, na watu wa Urusi wakapiga makofi. Kitambo kidogo tu, chai isingepoa. Halafu kaseti ikasimama.

Mturuki akacheka. Sijapata kumsikia akicheka, alicheka vibaya, kwa kukoroma, machozi yanamtoka. Akaenda kwa magoti mpaka kitandani akaweka kichwa mapajani kwa mkwe wake. "Mama," akasema, "harusi ya nani?" Na Bi Mkubwa akamshika kichwa kile kwa mikono miwili akalia kama mtoto.

Tangu siku hiyo aliishika ile sehemu ya mwisho mpaka ikaingia mkononi mwake haitoki. Akangoja redio iipige tena, apime. Redio haikuipiga. Ijumaa zikaja zikaenda. Mhandisi akahamishiwa Sur, kutafuta visima huko pwani, wakahama. Nami nikapelekwa Nizwa, nikapewa skuli niiongoze. Tukawa tunapelekeana kaseti za salamu, na zake alikuwa kaziandika jina kubwa juu, kwa Kiarabu.

Miaka ya themanini ilipokuwa katikati, likizo moja nikawaambia wa nyumbani nendeni huko, mie nakwenda Sur kumuona shoga yangu. Nilifika Alkhamisi. Nywele zake zilikuwa nyeupe mbele, Kiarabu chake cha watu wa Sur, na uso ule ule wa ukuta. Bado wakimwita Mturuki. Mambo yalikuwa yamelegea, watu hawanong'oni tena kama zamani, lakini jina likishakaa limekaa. Nikauliza habari za kwao. "Sijui," akasema. "Nimeandika barua juzi juzi. Nangoja." Sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa mara ya pili.

Bi Mkubwa macho yalikuwa yamekwisha. Alinijua kwa mkono. "Mwalimu," akasema, "umekonda," na nilikuwa nimenenepa.

Siku ya pili ikawa Ijumaa. Wanaume wakaenda msikitini. Mturuki akaweka redio juu ya meza, waziwazi, bila ya blanketi, akaanza kuzungusha. Kelele, Kihindi, kelele, Kurani, kelele. Nilikuwa namenya kitunguu. Ghafla kidole chake kikasimama.

Ilikuwa imeshaanza, tulikuta katikati. Hata mie niliijua, baada ya kuisikia mara zote zile nyuma ya maneno ya mbuzi. Inakuja na kupotea, inakuja na kupotea. Mturuki akaiinamia. Mguu ule hapo. Nilimtazama usoni nikaona na yeye kausikia, na nikaona hofu yake: mguu wa lini? Wa sahani ile ya zamani, au wa leo?

Ikafika ile sehemu ya mwisho. Mkono ukapanda kwa nafsi yake, ukaanza kwenda kama unavyojua. Ukaenda. Kisha nikaona kitu cha ajabu, mkono umetangulia. Umefika mahali, umefunguka, na okestra haijafika. Akaurudisha nyuma, akangoja, ikafika. Akaenda tena, mkono ukatangulia tena. Ule mguu ulikuwa unapiga, lakini mzito, baina ya pigo na pigo mtu ungeweza kuvuta pumzi.

"Si sahani," akasema. Nilidhani anataka kuanguka, nikaacha kisu. "Mwalimu, si ile sahani. Hakuwa akienda hivi. Sikiliza anavyokwenda. Kazeeka." Akanishika mkono wenye kitunguu. "Kazeeka! Baba yangu yu hai, kazeeka!"

Sijapata kuona mtu akifurahia uzee wa mzazi wake namna ile. Alikuwa analia, na mkono wake umejifunza pale pale kwenda polepole, unamfuata mzee hatua kwa hatua, haumtangulii tena.

Bi Mkubwa akageuza uso wake usioona upande wa redio. "Nani huyo anayepiga mguu?"

"Baba yangu, mama."

Leso ya Bi Mkubwa ilikuwa imeanguka mabegani. Akaipapasa, akaivuta, akajitanda kichwa vizuri, akakunja miguu ndani, kama inavyopasa mwanamke mstahifu mkwe akiingia chumbani.

"Karibu, mkwe wangu," akaiambia redio. "Nisamehe, siku ile nilikukatiza. Haya, sema, nasikiliza."